Kozi Wawili, Orodha Mbili na Muuaji Asiyeshikika

Chukua orodha mbili, uziweke mezani. Ya kwanza ni Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ile inayopanga viumbe kwa kadiri walivyo karibu na kutoweka. Humo kozi msafiri, Falco peregrinus, yuko daraja la wasiotia wasiwasi. Ndugu yake kozi saka, Falco cherrug, yuko daraja la walio hatarini kutoweka. Sasa fungua ya pili, viambatisho vya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea pori. Humo mambo yamepinduka: kwa miongo mingi msafiri ndiye aliyewekwa Kiambatisho I, penye kufuli kubwa, na saka akaachwa Kiambatisho II, ambako kumuuza kunaruhusiwa almuradi vibali vipo. Asiyejua atadhani karani alichanganya mafaili.

Hakuna aliyechanganya. Orodha ya kwanza inauliza kiumbe anapungua kwa kasi gani. Ya pili inauliza biashara ya kuvuka mipaka inamdhuru kiasi gani, na ikishamfungia mtu mlango huchukua muda mrefu kuufungua. Wengi wetu tunazisoma zote kana kwamba zinajibu swali la tatu, ambalo halimo kwenye orodha yoyote: nani anamuua ndege huyu, na anaweza kuzuiwa? Mimi naona hapo ndipo ndugu hawa wawili walipoachana. Mmoja alirudi kutoka kaburini kwa sababu muuaji wake alijulikana kwa jina na kalamu ilitosha kumzuia. Mwingine anaendelea kupungua kwa sababu wauaji wake ni wengi, hawajuani, na baadhi yao wanaapa kwamba wanampenda.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana kwa Kiswahili cha kila siku kila chenye kucha na mdomo uliopinda ni mwewe au kipanga. Kozi ni jamii yake peke yake: mabawa yaliyochongoka, macho meusi makubwa, na kijino pembeni mwa mdomo cha kukatia uti wa shingo ya windo. Wahenga walimjua vizuri. Walisema, kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Yaani ndege mwenye silaha kama zile akilala bila kula, kataka mwenyewe. Tutairudia methali hiyo, kwa sababu saka ameiharibu. Na jina saka lenyewe, ingawa linakaa vizuri mno kwa ndege anayesaka, halitokani na kitenzi chetu. Limetoka kwa Waarabu, wanaomwita kozi saqr. Ni bahati tu, lakini bahati tamu.

Wakikaa bega kwa bega, hata mgeni atawatofautisha. Msafiri ana mgongo wa kijivu kinachokaribia buluu, na sharubu jeusi zito linaloshuka kila shavu. Mwili umekazana, mkia mfupi. Windo lake ni ndege wengine, tena angani: hupanda juu sana, hukunja mabawa, kisha hujiachia kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kuifikia. Saka ni wa kahawia, kichwa kimepauka, mabawa mapana zaidi na mkia mrefu. Hana haja ya maonyesho. Huruka chini chini juu ya nyasi, akifuata mikunjo ya ardhi, mpaka amkute kindi wa ardhini akiwa hatua chache kutoka kwenye shimo lake. Kwa wote wawili jike ni mkubwa kuliko dume, na jambo hilo litakuja kuwa na gharama. Wote hawajui kujenga. Msafiri hukwangua kijishimo kwenye rafu ya mwamba na kutaga hapo. Saka huvamia kiota cha zamani cha kunguru au tai.

Tofauti hizo zinaonekana za kitabuni, lakini ndizo zilizoamua yote. Anayekula ndege hula chochote ndege hao walichokula, na ndege wamejaa kila mahali, mjini hata zaidi. Anayetegemea panya na kindi wa nyikani anategemea nyika yenyewe. Sumu iliyoingia kwenye chakula ilimfikia msafiri kwanza. Jembe, waya na sumu ya panya vilimfikia saka.

Kisa cha msafiri kinaanza kwa malalamiko. Mwaka 1960 wafugaji wa njiwa wa mashindano huko Uingereza waliiendea serikali wakidai makozi wamezidi, wanawamalizia njiwa, sheria inayowalinda ilegezwe. Si ombi la ajabu katika nchi ile. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliamuru makozi wapigwe risasi ili wasiwakamate njiwa waliobeba ujumbe wa jeshi, na mamia waliuawa. Safari hii serikali iliona afadhali wahesabiwe kwanza. Kazi ikasimamiwa na mwanasayansi Derek Ratcliffe. Alichokuta ni kinyume kabisa cha malalamiko. Kufikia 1963 waliobaki hawakufika nusu ya waliokuwepo kabla ya vita, na miamba iliyokaliwa na makozi kwa vizazi ilikuwa mitupu. Walioomba kozi apunguzwe ndio waliosababisha dunia ijue kwamba anaisha.

Kilichofuata nakihesabu miongoni mwa upelelezi safi kabisa katika historia ya uhifadhi. Ratcliffe alikuwa ameona jambo la kutisha viotani: mayai yaliyovunjika, na wazazi wakiyala. Akaenda kwenye makabati ya wakusanyaji wa mayai, wale watu waliokuwa wakipanda majabali kuiba mayai, kuyatoboa, kuyapuliza ute nje na kuyapanga kwenye pamba kwa tarehe na mahali. Uhalifu wao ukawa ushahidi. Alipima kila ganda urefu na upana, akaliweka kwenye mizani, akagawanya. Mayai ya mwanzoni mwa karne na ya miaka ya 1930 yalikuwa na uzito wa kawaida. Kisha kuanzia 1947 hivi mstari ukaporomoka ghafla, ganda likapungua kwa karibu moja ya tano. Kitu gani kiliingia mashambani mara tu baada ya vita? DDT. Alichapisha matokeo hayo kwenye jarida la Nature mwaka 1967.

Namna sumu ile inavyofanya kazi inafaa ieleweke, kwa sababu haikumuua kozi kwa kumwangusha. Mdudu hupuliziwa kidogo, ndege mdogo hula wadudu wengi, kozi hula ndege wengi, na kila hatua mabaki hujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili. Ndani ya jike, mabaki hayo huzuia kalsiamu isifike kwenye ganda linapoumbwa. Yai hutoka likiwa zuri machoni. Mama hulikalia kama mama yeyote, nalo hupasuka chini ya uzito wake. Jike mwenye afya, mwenye mume, kwenye mwamba salama, anayevunja watoto wake mwenyewe kwa kuwaatamia: sijui picha nyingine ya sumu inayouma kuliko hiyo. Niongeze kwamba Uingereza kulikuwa na dawa nyingine za ukoo huohuo, zilizopakwa kwenye mbegu, ambazo ziliwaua hata wakubwa moja kwa moja. Kwa hiyo ninaposema muuaji mmoja nina maana ya familia moja ya kemikali, zote zikitoka kiwandani na zote zikihitaji kibali cha serikali.

Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1964 watafiti walizunguka mashariki ya nchi wakikagua maeneo zaidi ya 100 yaliyojulikana kuwa na viota. Hawakukuta hata jozi moja. Mwaka 1970 kozi msafiri akaingizwa kwenye orodha ya serikali ya walio hatarini, na mwaka huohuo Tom Cade wa Chuo Kikuu cha Cornell akaanzisha shirika la The Peregrine Fund. Miaka 2 baadaye DDT ikapigwa marufuku mashambani nchini humo. Kalamu moja, na kiini cha tatizo kikaondoka.

Lakini marufuku haifufui. Aliyefufua alikuwa mtu ambaye wahifadhi wengi wa leo humwangalia kwa jicho la pembeni: mwindaji anayefuga kozi. Ni wawindaji hao waliokuwa na ndege hai majumbani mwao, waliojua kumlisha, kumtibu na kumzalisha. Cade mwenyewe alikuwa mmoja wao. Walitoa ndege wao wakatoa na ujuzi wao, ukiwemo ujuzi wa kuchekesha. Dume aliyelelewa na binadamu tangu yai humwona binadamu ndiye mchumba. Basi mfugaji alivaa kofia maalumu yenye vijishimo ukingoni, akainamisha kichwa, akamwigia mlio wa jike. Dume akatua kichwani na kufanya yake, na mbegu zikakusanywa kofiani kwa ajili ya kumpandikizia jike. Sayansi haina haya. Vifaranga walipofikisha wiki tano hivi waliwekwa kwenye sanduku juu ya mwamba au mnara, wakitupiwa chakula kupitia bomba ili wasizoee sura ya mtu, kisha mlango ukafunguliwa waruke wenyewe. Mbinu hiyo ya sanduku si ya maabara. Ni ya wawindaji wa karne nyingi zilizopita. Kwa njia hiyo maelfu waliachiwa, na Agosti 1999 kozi msafiri akaondolewa rasmi kwenye orodha ya hatari ya Marekani. Leo anataga kwenye madaraja na kwenye maghorofa, akila njiwa wa mitaani. Uingereza ilipohesabu mwaka 2014 ilipata jozi zaidi ya 1,700.

Kuna doa dogo ambalo masimulizi ya ushindi hupenda kuliruka. Kozi wa mashariki ya Marekani wa zamani hakurudi, kwa sababu hakuwepo wa kumrudisha. Walioachiwa walichanganywa kutoka sehemu mbalimbali za dunia, damu za nchi tofauti kwenye mwili mmoja. Wapo wanaoliita hilo udanganyifu. Mimi siungi mkono. Mwamba wenye kozi wa mchanganyiko una kozi. Ila tusijidanganye kwamba kila kilichopotea kilirudishwa.

Sasa njoo kwa saka, na utaona jinsi hadithi ile isivyonakilika.

Saka huzaliana kuanzia Ulaya ya kati, kupita Kazakhstan, mpaka Mongolia na China, na baadhi yao hushuka majira ya baridi hadi Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki. Makadirio yaliyotumika na wanaotunza Orodha Nyekundu yanawaweka waliokomaa kati ya 12,000 na 30,000 hivi duniani kote. Aliingizwa daraja la hatari mwaka 2004, akashushwa ngazi moja 2010, akarudishwa 2012. Sababu ya kurudishwa ni makadirio kwamba kati ya 1993 na 2012 alipungua kwa asilimia 47. Ukisoma zaidi unakuta kwamba upungufu huo ungeweza kuwa asilimia 2 au asilimia 75. Mtu wa takwimu atacheka. Mimi sicheki, pengo hilo linaeleza hali ya saka kuliko ile 47 yenyewe. Msafiri ana mwamba unaojulikana na watu waliouandika tangu babu zao. Saka anaishi kwenye nyika isiyo na mwisho yenye wahesabuji wachache, na baadhi ya wanaomhesabu wanataka kumuuza.

Hapo ndipo pa kuelewa vilevile kwamba daraja la hatari halipimi uchache. Kozi wa Taita, ndege mdogo wa magenge ya Afrika Mashariki na Kusini, hafikishi 1,000 waliokomaa, ilhali yuko daraja moja nyuma ya saka. Wachache waliotulia huonekana afadhali kuliko wengi wanaoporomoka. Ni mantiki ya daktari anayetazama homa inayopanda badala ya kuuliza mgonjwa ana kilo ngapi.

Nani basi anamuua saka? Anza na njaa. Kindi wa ardhini hupenda nyasi fupi, zile zinazochungwa. Nyika ya Ulaya ilipolimwa, au mifugo ilipoondolewa na nyasi kurefuka, kindi walipotea na saka akapotea nyuma yao. Katika nyika za Asia wafugaji na serikali walipoona panya wanamaliza malisho walimwaga nafaka yenye sumu. Panya akafa polepole, akitangatanga mchana kweupe, windo rahisi kuliko yote. Kozi akamla na sumu ndani. Methali yetu haimfai ndege huyu. Halali na njaa kwa kupenda. Na akishiba, huenda shibe ndiyo itakayomuua.

Halafu kuna mtego. Uarabuni uwindaji kwa kozi ni mila ya kale, na saka ndiye aliyekuwa mpenzi wa wawindaji wa jangwani kwa sababu anavumilia joto na anamweza tandawala. Zamani walimnasa msimu wa kupita, wakamfundisha, wakawinda naye majira ya baridi, na wengi wakamwachia joto lilipoanza. Kulikuwa na mizani ya aina yake. Mafuta yalipoleta fedha na magari ya kupita mchangani, idadi ya waliomtaka iliongezeka kuliko idadi ya saka. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, nchi za Asia ya Kati zenye ndege wengi na mishahara michache zikafunguka. Mtego wenyewe ni mwepisi: njiwa aliyevishwa kifulana kilichojaa vitanzi vya uzi, anaachiwa kozi akiwa karibu, kozi anashuka, kucha zinanaswa. Anayetakiwa zaidi ni jike mchanga, maana jike ni mkubwa na mchanga hufundishika. Watetezi wa biashara husema vifaranga wengi hufa mwaka wao wa kwanza hata bila mtego, na ni kweli. Lakini ukichota jike peke yake mwaka baada ya mwaka, unaacha madume wanaoita kwenye viota vitupu.

Kuhusu wanunuzi, haki yao wapewe. Falme za Kiarabu zilianza mwaka 2002 kutoa pasipoti kwa kozi, nazo ni pasipoti kweli, ili ndege asiye na asili inayojulikana asivuke mpaka. Tangu 1995 kuna mpango wenye jina la Sheikh Zayed wa kuwarudisha makozi porini. Siku hizi kozi wengi wanaorushwa Ghuba wamezaliwa kwenye mabanda, mara nyingi wakiwa chotara wa saka na kozi mkubwa wa kaskazini. Hilo limepunguza mahitaji ya ndege wa porini, ingawa limeleta hofu ya chotara kutoroka na kuzaliana na saka wenyewe.

Muuaji wa tatu ndiye ninayetaka tumwangalie kwa karibu, kwa sababu hachukii ndege, hafaidiki naye, na hajui kwamba yupo. Ni nguzo ya umeme wa kati, ile fupi inayopeleka umeme vijijini. Nyikani hakuna mti. Kwa kozi, nguzo ni zawadi: mahali pa juu pa kutazamia panya. Nguzo ya zege ina vyuma ndani yake, na juu ina mkono wa chuma. Juu ya mkono huo kimesimama kikombe cha kauri kisichozidi kiganja kwa kimo, na waya umepita juu ya kikombe. Kozi anatua kwenye mkono wa chuma. Miguu yake sasa, kupitia vyuma vya zege, imeungana na ardhi. Anainua bawa kujiweka sawa, bawa linagusa waya. Mabawa ya saka yakitandazwa hufika mita moja na zaidi. Kikombe kinampa sentimita chache. Hakuna kelele kubwa. Anaanguka chini ya nguzo, na usiku mbweha anamchukua, kwa hiyo fundi akija asubuhi haoni kitu. Nchini Mongolia nguzo za namna hii zimeua saka kwa maelfu. Nguzo ya mbao yenye mkono wa mbao, mahali palepale, isingekuwa na makali hayo. Ni uchaguzi wa vifaa tu, uliofanywa ofisini na mtu aliyetazama bei ya zege.

Sasa jaribu kutumia dawa iliyomponya msafiri. Umpige nani marufuku? Umeme? Kilimo? Mila iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010? Wengi husema suluhisho ni kumpandisha saka Kiambatisho I cha CITES, afungiwe kama ndugu yake. Naona wanakosea. Kiambatisho hakifikii nguzo. Hakifikii panya mwenye sumu. Kingefikia biashara halali, ile yenye karatasi, na kuiachia nafasi ile ya usiku. Tena kufuli likishawekwa haliondoki kirahisi: mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES wa Johannesburg, Kanada iliomba msafiri ashushwe Kiambatisho II kwa hoja kwamba amepona, ikakataliwa. Waliokataa walikuwa na hofu ya haki, kwamba wa porini wangepitishwa kwa vyeti vya kuzaliwa bandani. Lakini hapo utaona kiambatisho kinavyokuwa kumbukumbu ya ugonjwa wa zamani.

Ninachokiamini zaidi ni kilichofanyika Mongolia, pamoja na maswali yake. Kati ya 2009 na 2010, kwa fedha za mamlaka ya mazingira ya Abu Dhabi, viota 5,000 vya chuma mithili ya pipa vilisimamishwa kwenye nyika isiyo na mwamba wala mti. Saka walivipokea, na maelfu ya vifaranga yametoka humo. Aliyetoa fedha alitaka ndege wa kuwinda, hakuficha. Kwangu mimi maslahi yaliyo wazi ni bora kuliko huruma isiyo na bajeti. Mongolia nayo ikamtangaza saka kuwa ndege wa taifa mwaka 2012. Ila fikiria kifaranga wa pipa lile siku anayoondoka: nyika nzima mbele yake, na mahali pa kutua ni nguzo. Mpaka nguzo zilipoanza kushughulikiwa, sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuzalisha ndege kwa ajili ya umeme. Baadaye mfuko mwingine wa Falme za Kiarabu, wenye jina la Mohamed bin Zayed, ulilipia kufunika sehemu hatari za nguzo zipatazo 27,000 nchini humo. Kifuniko chenyewe ni plastiki inayovishwa juu ya kikombe na waya. Hakuna atakayepigwa picha akikizindua, lakini kama ningepewa fedha za saka zote nichague pa kuziweka, ningenunua plastiki.

Bulgaria wamerudia somo la Cade. Saka alikuwa ametoweka nchini humo, wakaanza kuwaachia vifaranga kutoka kwenye masanduku, mbinu ileile ya wawindaji, na mwaka 2018 jozi ya kwanza ikataga porini.

Hungaria ndiko mambo yalikofika mbali zaidi, na ndiko kinaya kilikokomaa. Saka ni ndege wao wa ngano; wanamhusisha na Turul, ndege mtakatifu wa mababu, na sura yake imo kwenye sarafu ya forinti 50. Hata hivyo kufikia miaka ya 1980 jozi zilizobaki zilihesabika haraka. Wahifadhi wakaanza kutundika masanduku ya kutagia, kisha wakafika mahali ambapo mtu wa kawaida asingepafikiria: kwenye minara mirefu ya chuma ya umeme mkubwa. Huko nyaya zinaning'inia chini ya vihami virefu, zikiachana kwa mita kadhaa, na hakuna bawa linaloweza kuziunganisha. Mnara ni mrefu, mwizi wa mayai haupandi. Idadi imepanda hadi jozi zaidi ya 150, na sehemu kubwa yao huzaliwa humo, ndani ya sanduku la alumini, juu ya mkondo wa umeme unaowasha miji.

Siku ya 45 au zaidi kidogo kifaranga anaruka. Amejifunza tangu kufumbua macho kwamba chuma chenye nyaya ni nyumbani. Chini yake, ng'ambo ya shamba la alizeti, inapita laini ya kijijini yenye nguzo fupi za zege. Mafundi wamekwisha kuzivisha plastiki upande wa barabara. Upande wa pili bado.